Geuza chupa ya maji kichwa chini kabla ya kulala
Ndugu zangu wa Mombasa mnaopanga kupanda Mlima Kenya: usiku kwenye kambi ya Shipton, karibu mita 4,200, maji huweza kushika barafu hata ndani ya hema. Kabla ya kulala, simamisha chupa kichwa chini, kifuniko kikigusa ardhi. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Yakizidi kupoa hupanda juu, ndiyo sababu barafu huanzia juu. Kwa hivyo itashika upande wa kitako na mdomo utabaki wazi. Saa tisa usiku, mnapoamka kuelekea kilele cha Lenana (mita 4,985), unafungua na kunywa tu. Acha nafasi kidogo ndani, maana barafu hutanuka na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Tena jaribu kifuniko nyumbani kwanza. Kulowa kwa hema kule juu ni balaa kweli. Mfuko wa maji wenye mrija haufai, mrija huganda mapema. Baridi ikizidi, chupa nzima itaganda: usiku kama huo lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia.