Kupima hewa ukaa: udongo mpya wa Tukuyu na wa kale wa Mufindi

Ukipima hewa ukaa inayotoka kwenye udongo wa Tukuyu na ule wa Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, vijidudu vinapoozesha mboji, huenda Tukuyu ikaongoza. Usikimbilie kuandika kwamba mboji yake ndiyo huoza upesi zaidi. Udongo wa Tukuyu ni mpya, zao la majivu ya volkano, na alofani iliyomo (madini ya udongo wa volkano) hushika mboji kwa nguvu. Wa Mufindi ni wa kale: mvua imeuosha hadi ukabaki mwekundu, wenye tindikali, umejaa kaolini (aina ya mfinyanzi) na chuma. Mboji yake ni kidogo, ila mara nyingi haina wa kuilinda na vijidudu.

Chimba kina cha sentimita 0 hadi 10, toa mizizi, chekecha udongo ungali mbichi kwa chekecheo la milimita 2. Usianike. Udongo wa majivu ukikauka haurudii kunywa maji kama mwanzo. Isitoshe, udongo wowote uliokaushwa kisha ukalowanishwa hutoa hewa ukaa kwa fujo siku kadhaa, H. F. Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958, na ndilo hutokea shambani mvua za kwanza za Novemba zikinyesha.

Pima udongo mbichi unaolingana na gramu 50 za mkavu (kausha sehemu nyingine kwa nyuzi 105 za Selsiasi, saa 24, ujue maji yaliyomo). Lowanisha hadi asilimia 60 ya maji ambayo udongo huo unaweza kushika. Usimimine mililita zilezile kwa wote, wa majivu una kiu kubwa. Uache wiki moja gizani kwa nyuzi 25. Baridi ya Mbeya ya Juni, bila kabati la joto, itakuharibia kila kitu.

Kisha utie kwenye chupa ya lita 1 yenye mfuniko wa kubana, pamoja na kikombe chenye mililita 20 za sodiamu haidroksaidi ya 0.5 M (M ni moli kwa lita), inayonasa hewa ukaa. Chupa tatu kwa kila udongo, tatu bila udongo. Hizo tupu ndizo watu huziruka, halafu wanahesabu hata hewa ukaa iliyokuwamo chupani tangu mwanzo.

Baada ya saa 24 tia kikombeni mililita 10 za bariamu kloraidi ya 1 M, dondosha fenofthalini (kiashiria cha rangi), fanya taitresheni, yaani dondosha asidi ya haidrokloriki ya 0.5 M ukihesabu mililita, hadi rangi ya waridi ipotee. Bila bariamu, asidi hula kaboneti pia na jibu hutoka dogo. Bariamu ni sumu: vaa glavu, usimwage sinki.

Miligramu za hewa ukaa = (tupu − sampuli) × 0.5 × 22, ambapo tupu na sampuli ni mililita za asidi zilizotumika kwa chupa tupu na kwa chupa yenye udongo. Kwa mfano 19.6 − 17.6 hutoa 22, yaani miligramu 6 za kaboni (22 × 12 ÷ 44).

Sasa gawa kwa kaboni iliyomo. Tuseme gramu 50 za Tukuyu zina gramu 4 za kaboni: 6 ÷ 4 = miligramu 1.5 kwa kila gramu ya kaboni. Mufindi ikitoa miligramu 3 kutoka gramu 1.25, ni 2.4. Aliyeongoza amegeuka.

Ukipimia shambani kwa boksi linalofunika udongo na kunasa gesi, jihadhari na Rungwe, wilaya yenye Tukuyu. Kuna mahali gesi hupanda kutoka chini kabisa, hata huvunwa kibiashara, na haihusiani na mboji. Ukiona duara la nyasi zilizokufa au kidimbwi baridi kinachobubujika, hamisha boksi, wala usiinamie shimo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujaa mabondeni. Goma, Kongo, huiita mazuku, na huua.