Jinsi ya kulinganisha tochi ndogo za LED za mfukoni bila kudanganywa na lumeni

Weka tochi mbili mezani. Boksi la moja limeandikwa lumeni 1000, yaani jumla ya mwanga unaotoka, la nyingine 400. Wengi huchagua hapo hapo. Mimi ni fundi umeme, tochi ya mfukoni naiwasha labda mara ishirini kwa siku, na niliwahi kuchukua ile ya namba kubwa nikajuta ndani ya wiki. Siku hizi nazipima kwanza. Utahitaji chumba chenye giza, saa, utepe wa kupimia na simu yenye programu ya kupima mwanga kwa luksi, yaani mwanga unaofika pale ilipo simu.

Hatua ya 1: Anza na betri

Betri ndiyo inayoamua unene, nguvu na usumbufu utakaoupata baadaye. AAA ina kipenyo cha milimita 10.5, kwa hiyo tochi yake hukaa mfukoni kama kalamu nene. AA ni 14.5. Halafu kuna 18650, ambayo jina lake ndilo kipimo chake: kipenyo milimita 18, urefu 65. Hiyo ina nguvu nyingi, ila kwenye suruali ya kubana utaihisi kila ukikaa.

Angalia sana 14500. Kwa umbo ni kama AA, lakini ni ya lithiamu: volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2, wakati AA ya kawaida ina 1.5. Ukiitumbukiza kwenye tochi ambayo haikutengenezwa kuipokea, unaweza kuiunguza papo hapo. Soma maelezo, usikisie kwa kuwa imeingia vizuri.

Betri za alkali huvuja zikisahaulika ndani, na ule unga mweupe hula vyuma vinavyogusana na betri. Kwa tochi ya kila siku mimi natumia za kuchaji. Na kama betri imefungiwa ndani haitoki, jua kwamba siku ikichoka, tochi nzima imekwenda nayo.

Hatua ya 2: Soma boksi kwa jicho la shaka

Watengenezaji wengi hufuata kipimo cha tochi cha Marekani kiitwacho ANSI FL1. Ni kizuri, ila ujue kinasema nini. Lumeni hupimwa mwanzoni tu, kuanzia sekunde 30 hadi dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka nao huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo “lumeni 1000, saa 3” inaweza kuwa dakika chache za 1000, kisha saa mbili na ushee za 200, na boksi halijasema uongo.

Umbali nao una mtego. Mita zilizoandikwa ni pale mwanga unapobaki luksi 0.25, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mwanga huo utaona kuna kitu. Kukitambua ni habari nyingine.

Jicho pia halihesabu kama kikokotoo. Ili mwanga uonekane mkali mara mbili, unahitaji lumeni karibu mara nne. Rudi sasa kwenye zile 1000 na 400: tofauti si kubwa kama bei inavyotaka uamini.

Hatua ya 3: Jaribio la dakika ishirini

Hili ndilo linaloamua, usiliruke. Jaza betri zote mbili. Simamisha tochi sakafuni ikielekea darini, laza simu umbali wa mita moja, kihisi chake kikitazama juu, na usiisogeze tena. Washa kiwango cha juu. Andika luksi kwenye sekunde ya 30, kisha dakika ya 1, 3, 5, 10 na 20. Zima, acha ipoe, rudia na ya pili mahali pale pale.

Namba za simu si za maabara, lakini hapa tunalinganisha, na makosa ya simu ni yale yale kwa tochi zote mbili.

Zangu zilipofika dakika ya 5 zilikuwa karibu sawa. Sababu ni joto. Umbo dogo la alumini halina pa kulipeleka, hivyo saketi hupunguza umeme ili LED isiungue. Ukiishika mkononi hudumu juu kidogo zaidi, maana kiganja chako huibeba sehemu ya joto hilo. Tochi nzuri hushuka polepole kisha hutulia. Mbovu hufifia bila kukoma, au huzima ghafla.

Hatua ya 4: Umbo na rangi ya mwanga

Elekeza kwenye ukuta mweupe. Kioo laini cha ndani, kile kinachoakisi mwanga, hutoa doa kali katikati na giza pembeni. Kilichoparuzwa kama ganda la chungwa hutandaza mwanga. Vitu vingi unavyomulika viko ndani ya mita tatu, kwa hiyo mimi huchagua uliotandaa.

Ukitaka kuhakiki umbali wa kwenye boksi, mulika simu kutoka mita 5 na uzidishe luksi kwa 25: hizo ni kandela, kipimo cha ukali wa mwale. Tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2, umepata mita. Luksi 100 ni kandela 2500, yaani mita 100.

Kisha mulika nyaya za kahawia na nyekundu zilizolala pamoja. LED yenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, juu kabisa ni 100) ya 70 huzifanya zifanane. Ya 90 kwenda juu huzitenganisha vizuri, ingawa hupoteza lumeni kadhaa. Kwa kazi yangu sibishani hapo.

Hatua ya 5: Kiwango cha chini

Usiku, macho yakiwa yamezoea giza, lumeni 1 inatosha kutafuta viatu bila kumwamsha mtu. Je, tochi inaweza kuanzia hapo, au inakupofusha kwanza? Je, mwanga wa kumetameta umewekwa katikati ya viwango, ikulazimu kuupitia kila mara? Pungia vidole mbele yake: vikionekana vimekatika-katika, mwanga unawaka na kuzima kwa kasi, na utachosha macho.

Hatua ya 6: Ikae mfukoni siku tatu

Swichi ya ubavuni huweza kujiwasha yenyewe mfukoni, na paja ndilo la kwanza kujua. Jaribu kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Kama hesi zake zina tabaka lisilopitisha umeme, tochi haitawaka. IPX7 maana yake imevumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Sumaku ya nyuma ni raha kwenye paneli ya umeme, ila hukusanya unga wa chuma kila ikiguswa na benchi.

Ile ya 400 bado iko mfukoni mwangu. Ya 1000 iko kwenye boksi la vifaa, kifuniko kikiwa kimelegezwa.