Kumchora bibi wa Kimakonde kwenye skrini: mistari yake na rangi zake

Vijana wanaopita kibandani kwangu hapa Chikongola, Mtwara, wakinikuta nachora kwenye tableti huuliza swali lile lile: "Fundi, hiyo brashi gani?" Brashi ni ile ya duara inayokuja na programu. Kwenye simu natumia ibisPaint, kwenye kompyuta natumia Krita, na zote zinapatikana bure. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya maduka kwa rangi ya mafuta, na kule hakuna kitufe cha kutendua. Labda ndiyo maana nina msimamo mkali kidogo kuhusu mistari.

Msimamo wenyewe ni huu: mstari na rangi vigawane kazi. Mstari useme kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Rangi iseme mwanga unatoka wapi. Michoro mingi ninayoonyeshwa inachosha macho kwa sababu kivuli cha shingo kimechorwa kwa vistari, kikapakwa tena kwa rangi, halafu kikasuguliwa kwa brashi laini. Kivuli kimoja, kazi mara tatu, na bado shingo haina umbo.

Tumchore mhusika mmoja ili tuelewane: bibi wa Kimakonde aliyejitanda kanga, ana chale usoni na ndonya, yaani pambo la kuchomekwa, kwenye mdomo wa juu. Wenye alama hizo siku hizi ni wazee, na wamebaki wachache. Fungua kanvasi ya A4 inayofaa kuchapishwa, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Simu ikianza kugoma, punguza ukubwa. Ni afadhali kanvasi ndogo yenye leya za kutosha, yaani yale matabaka ya mchoro yanayopangwa moja juu ya jingine. Rasimu ichore kwa bluu, fifisha leya yake mpaka asilimia 20 hivi, kisha fungua leya mpya juu yake kwa ajili ya mistari.

Sasa mkono. Vidole na kiganja vinatosha kwa kope na kucha. Mstari mrefu, kama ule wa kutoka bega hadi kiwiko au pindo la kanga linaloshuka, uvute kwa mkono mzima kuanzia begani. Zungusha kanvasi kwa vidole viwili mpaka mstari ukae upande ambao mkono wako unaupenda. Wangu unapenda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Macho yaangalie mstari unakokwenda, yasikodolee ncha ya kalamu. Vuta mara moja. Haukukaa vizuri? Tendua, vuta tena. Usiuunge kwa vipande vipande, maana mstari wa kuunga huota manyoya, na ukishaweka rangi manyoya hayo ndiyo yanayoonekana kwanza.

Programu hizi zina stabilaiza, kifaa cha kutuliza mtetemo wa mkono. Iweke katikati kwa mistari mirefu na uizime kabisa kwa nywele na makunyanzi. Ukiipandisha hadi mwisho, kila kona inakuwa mviringo, na bibi mwenye mifupa ya mashavu anageuka mtoto mchanga. Anayechora kwa kidole asijione mnyonge: ingia kwenye mipangilio ya brashi, punguza unene wa mwanzo na wa mwisho, mstari utachongoka wenyewe.

Unene ndio unaoleta uhai. Kwa kanvasi hii, mistari ya ndani naiweka pikseli 5 hivi, ya nje 12. Nenepesha chini ya kidevu, kwapani, pale mkono unapopita mbele ya tumbo, pale kanga inapojikunja. Upande unaopigwa na jua mstari ukonde, hata ukikatika ni sawa. Juu ya pua usiweke mstari kabisa. Matundu mawili na kivuli vitatosha. Halafu kuna kajambo kadogo nilikokatoa kwenye mabango: mistari miwili inapokutana, jaza kona yake kwa kapembetatu kadogo ka wino. Ukikuza picha hukaoni kama kana maana, lakini ukiitazama picha nzima, kwapa limezama na mkono umetoka mbele.

Kabla ya kuhamia kwenye rangi, geuza kanvasi kushoto kulia. Jicho lililopanda juu ya mwenzake litajitokeza lenyewe.

Rangi za msingi hazihitaji maneno mengi. Chini ya leya ya mistari, chagua eneo lote la nje, geuza uteuzi, jaza umbo zima kwa kijivu kimoja. Juu ya hicho kijivu fungua leya ya ngozi, ya kanga, ya nywele, kila moja ikibanwa kwenye umbo hilo kwa Clipping, rangi isivuke mpaka. Ndoo ya kujazia iambie ipanuke pikseli 1 au 2, vinginevyo utabaki na vinukta vyeupe pembeni mwa mistari. Ukimaliza, weka juu kabisa leya iliyojazwa nyeusi, modi yake (namna inavyochanganyika na zilizo chini) iwe Color, na picha yote itakuwa ya kijivu. Kama uso na kanga vimekuwa kijivu kimoja, badilisha kimojawapo sasa hivi. Kisha izime leya hiyo, utaihitaji tena.

Ngozi ndipo ninapogombana na watu. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanachora ngozi nyeupe, na kijana wa Mtwara anayafuata neno kwa neno: anachukua kahawia, anaongeza nyeusi kwa kivuli, anaongeza nyeupe kwa mwanga. Matokeo yake ni bibi aliyepakwa majivu. Ngozi yetu kivulini haipotezi rangi, inazidi kuiva. Kwenye vitelezi vya rangi, anza na ngozi yenye rangi (Hue) 20, ukolezo (Saturation) 60, mng'ao (Brightness) 42. Kivuli kisogeze kuelekea wekundu: rangi 8, ukolezo 65, mng'ao 24. Ukitumia leya ya Multiply, modi inayotia giza kilicho chini yake, chagua zambarau iliyofifia, usichague kijivu. Kivuli kiwe na ukingo mkali kwanza, na kiangukie upande mmoja tu, ule usiopigwa na jua. Baada ya hapo lainisha pale tu umbo linapozunguka, yaani shavuni na kwenye paji la uso. Kivuli cha kidevu kinachoangukia shingoni kibaki na ukingo wake.

Mwanga nao una namna yake. Chukua kinyago cha mpingo kilichopigwa msasa vizuri, kiweke dirishani, ukitazame bila haraka. Weusi wake haukuambii umbo liko vipi. Unaambiwa na ule mng'ao, na mng'ao huo una rangi ya anga. Ngozi nyeusi ina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu na mdomo wa chini, weka bluu iliyopauka kwa brashi yenye nguvu ya asilimia 30, sehemu ndogo ndogo, usisambaze. Jua la jioni likiwa upande wa pili, huko weka chungwa.

Usisahau ardhi. Bibi akiwa amesimama kwenye mchanga mweupe wa Msimbati, mwanga unaruka kutoka chini na kumpiga chini ya kidevu, kwa hiyo kivuli cha pale kinapauka kidogo. Mpeleke Newala kwenye udongo mwekundu, na sehemu hiyo hiyo inakuwa na joto la matofali. Ni mguso mmoja wa brashi, lakini ndio unaomweka mtu mahali badala ya kumwacha akielea hewani.

Chale ndizo nilizokuwa nazisubiri. Usizichore kwenye leya ya mistari, zitaonekana kama mtu kachorwa kwa peni. Ngozi ilichanjwa ikapakwa masizi, kwa hiyo alama ina weusi wenye ubluu, na ngozi yake imeinuka kidogo. Fungua leya juu ya ngozi na chini ya mistari, chora alama kwa bluu iliyokaribia nyeusi, ififishe hadi asilimia 70. Kisha kwa brashi ya pikseli 2 pitisha mng'ao mwembamba kwenye ukingo mmoja tu, ule unaotazama jua. Zifuate mviringo wa shavu. Zikinyooka kama rula, uso unakuwa ubao. Ndonya nayo ina kivuli chake juu ya mdomo, kidogo na kikali.

Kanga wengi huibandika nakshi juu ya nguo iliyokwishakunjwa, ikaonekana kama karatasi ya zawadi. Chora kwanza kanga ikiwa imetandazwa, yenye mji, pindo na jina (maneno yake), kwenye leya yake. Kisha itumie kipande kipande, ukiipinda kila kipande kwa kifaa cha kupinda picha kifuate mkunjo wake. Mkunjo ukimeza nusu ya neno, uache ulimeze. Mimi mwandishi wa mabango inaniuma herufi kukatwa, ila ndivyo kanga ilivyo mwilini. Vivuli vya mikunjo vije juu ya nakshi, navyo kwa Multiply.

Mwisho, funga uwazi wa leya ya mistari kwa Alpha Lock, ili rangi ishike pale tu palipo na mstari, uipake rangi yenyewe: kahawia nzito usoni, na kwenye kanga ile rangi ya kanga iliyokolezwa. Nyeusi iache kwapani, kwenye kope na matundu ya pua. Washa tena ile leya ya kijivu, hakikisha uso bado ndio unaovuta jicho.

Ukipeleka steshenari kuchapisha, omba kwanza nakala ndogo, kwa sababu bluu na chungwa zinazowaka kwenye skrini hupoa kwenye karatasi. Mteja mpe picha iliyokamilika ya PNG. Faili lenye leya zote baki nalo wewe, maana atarudi tu, kashikilia kanga nyingine mkononi, anataka bibi avalishwe hiyo.