SOMO: Namna ya kutambua viwanja vigumu vya gofu kwa dokezo moja au mawili

Wakuu, salaam. Kila chemsha bongo ya Ijumaa ikiisha napata ujumbe uleule: "Umejuaje kama ni Carnoustie?", yaani ule uwanja wa Scotland. Kujibu mmoja mmoja nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mtunzi wa maswali hachagui uwanja laini. Anachagua unaotesa watu, na kila mmoja una namna yake ya kutesa: huu maji, ule mchanga, mwingine grini zenyewe (eneo la nyasi fupi lenye kitobo cha kuingizia mpira). Tafuta kwanza kinachotesa. Nchi itajileta.

Hatua ya 1. Soma swali lote. Ndiyo, lote.

Hatua ya 2. Jiulize kama dokezo ni la uwanja mzima au la shimo moja (kwenye gofu "shimo" ni njia nzima ya kuchezea hadi kwenye grini, si kitobo tu). La uwanja mzima ni rahisi. Vijiti vyenye vikapu juu badala ya bendera: Merion, Pennsylvania. Kikapu hakipepei, kwa hiyo mchezaji hapati wa kumwambia upepo unaelekea wapi. Kila shimo kupewa jina la mti au ua: Augusta National, Georgia. Bango linaloonya kwamba uwanja ni mgumu kupita kiasi na unawafaa mafundi tu: Bethpage Black, New York, na huo ni uwanja wa umma, yeyote anayelipa anacheza.

Hatua ya 3. Likiwa la shimo moja, shika namba. Shimo la 17 lenye barabara nyuma ya grini ni St Andrews, Scotland. La 8, grini ndogo inayoitwa Stempu ya Posta, ni Royal Troon, Scotland pia. Ukisikia la 11, 12 na 13 yanatajwa kwa pamoja, uko Augusta. La 18 linalokatwa na kijito kinachojipindapinda ni Carnoustie. Banka (bonde dogo la mchanga la kutega wachezaji) lenye matuta ya nyasi yaliyopangwa safu safu kama mabenchi ya kanisa, kati ya shimo la 3 na la 4, ni Oakmont, Pennsylvania.

Hatua ya 4. Grini iliyozungukwa na maji. HAPA SIMAMA. Wote tunakimbilia TPC Sawgrass, Florida, na mimi nimewahi kupoteza pointi hapa kwa mbwembwe zangu. Zipo angalau tatu za kuchanganya. Ya Sawgrass ni shimo la 17, la mikwaju 3 (ndiyo idadi ambayo fundi anatarajiwa kulimaliza nayo), yadi 137, na haiondoki ilipo: kuna kinjia chembamba cha kuifikia kwa miguu. Mchanga wa pale ulichimbwa ukatumika kwingine uwanjani, likabaki shimo kubwa, ndipo Alice Dye akamshauri mumewe, Pete Dye, mbunifu wa uwanja huo, walijaze maji. Ya pili iko Coeur d'Alene, Idaho, shimo la 14. Hiyo inaelea ziwani, inasogezwa, na wachezaji wanapelekwa kwa boti. Ukiona neno "boti" au "umbali hubadilika", futa Sawgrass. Ya tatu ni ya shimo la 18 la Leopard Creek, Afrika Kusini, jirani na mbuga ya Kruger, na hilo ni la mikwaju 5. ONYO: swali lisipotaja namba ya shimo wala idadi ya mikwaju, usijaze chochote. Mwombe mtunzi dokezo la pili, ni haki yako.

Hatua ya 5. Badilisha vipimo. Yadi 100 ni mita 91 na kitu. Mtunzi wetu ana tabia ya kuandika mita, na shimo la 17 la Sawgrass likiitwa "la mita 125" watu hawalitambui.

Hatua ya 6. Miaka na majina weka mwisho, kwa kuthibitishia tu. Oakmont peke yake imeandaa US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, mara 10 kufikia 2025.

Maswali leteni.

Mpigadebe: Mkuu sijasoma yote, niko kwenye daladala. Daraja la mawe ni uwanja gani?

Mwenye somo: Hatua ya 1.

Mpigadebe: Ukali wa nini sasa? Mtu kauliza tu.

Mwenye somo: Sijawa mkali. Daraja la mawe liko St Andrews, shimo la 18, juu ya Swilcan Burn. Lipo pia Augusta kwenye la 12, juu ya Rae's Creek. Bila namba hata mimi siwezi.

Chuma cha Saba: Asante kwa nondo. Nasikia St Andrews grini moja inatumiwa na mashimo mawili. Hilo laweza kuwa dokezo?

Mwenye somo: Ni dokezo tamu kuliko yote, na umeuliza vizuri. Grini za pamoja ziko 7, na kila moja ukijumlisha namba za mashimo yake unapata 18: 2 na 16, 3 na 15, endelea hivyo mpaka 8 na 10. Yenye grini ya peke yake ni la 1, 9, 17 na 18. Kwa hiyo ukiambiwa "la 5 na la 13 grini moja", andika jibu ukanywe chai.

Nyasi Ndefu: Mimi nilipewa picha: vilima vya mchanga, kondoo, maji hadi upeo wa macho. Nikasema Ireland, nikakosa. Nadhani swali lilikuwa bovu.

Mwenye somo: Swali halina ubovu. Hiyo ni Whistling Straits, Wisconsin, na maji yale ni Ziwa Michigan. Pete Dye huyohuyo alichukua ardhi tambarare akaigeuza ifanane na Ireland, akamwaga mabanka kila kona. Mwaka 2010, kwenye mashindano ya PGA Championship, mchezaji Dustin Johnson aligusisha fimbo chini kwenye banka ambalo hakulidhania kuwa banka (hilo ni kosa), shimo la mwisho, akaongezewa mikwaju 2, ubingwa ukampita.

mama_wawili: Na kwetu Afrika Mashariki je? Au maswali ni ya Wazungu tu?

Chuma cha Saba: Jinja, Uganda! Mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, kanuni ya pale inakuruhusu kuuondoa.

Mwenye somo: Naam, hilo limeshaulizwa. Ongeza mashindano ya Kenya Open, ambayo yamechezwa mara nyingi uwanja wa Muthaiga, Nairobi: Mhispania Seve Ballesteros aliyachukua 1978. Nairobi iko juu, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko pwani. Mtunzi akisema "fimbo zote zinaongeza yadi", fikiria milima.

mama_wawili: Tupe moja la mazoezi basi.

Mwenye somo: Shimo la mita 112 hivi. Mwaka 1950 Mjerumani asiye wa kulipwa alilimaliza kwa mikwaju 15. Mwaka 1973 mzee wa miaka 71 akaliingiza kwa mkwaju mmoja.

mama_wawili: Mita 112 ni kama yadi 123... Royal Troon, la 8?

Mwenye somo: Lenyewe. Mzee ni Gene Sarazen, bingwa wa zamani wa Marekani.