Jinsi ya kusoma hesabu za kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Uganda

Kabla ya tarakimu yoyote, tazama juu ya safu: je, hesabu ziko kwa maelfu au mamilioni ya shilingi? Wengi hukosea hapa, na kila kinachofuata huharibika.

Tuseme kampuni ina mapato ya bilioni 100. Hiyo ni mauzo tu, si faida. Toa gharama za bidhaa zilizouzwa, bilioni 60: inabaki faida ghafi, 40. Toa mishahara, pango la majengo, matangazo na uchakavu wa mitambo, 22: faida ya uendeshaji ni 18. Toa riba ya mikopo, 4, halafu kodi ya mapato ya asilimia 30 juu ya 14 zilizobaki. Faida halisi ni bilioni 9.8. Kama hisa ni bilioni 2, kila hisa imepata shilingi 4.90.

Lakini gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa, si lazima lilingane na faida hiyo. Bodi ikipendekeza shilingi 3 kwa kila hisa, mwenye hisa binafsi hukatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla ya malipo kumfikia) ya asilimia 10, anapokea 2.70. Ukinunua baada ya daftari la wanahisa kufungwa, hupati gawio hilo.

Sasa fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha fedha taslimu zilizoingia na kutoka. Kwa maoni yetu ndiyo muhimu kuliko zote. Faida ikipanda huku fedha kutokana na uendeshaji zikishuka, angalia wadaiwa, yaani wateja ambao bado hawajalipa: huenda kampuni imeuza kwa mkopo na haijalipwa.