Umehamia nyumba mpya? Chumba cha kushonea na kufumia ukipange hivi (kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe)

Ukishahama, mizigo imeshuka kwenye kirikuu, kitanda kimefungwa, jiko limepata pa kukaa, yale mafurushi ya vitambaa na nyuzi ndo yanabaki ya mwisho, yamerundikwa kwenye kachumba kamoja na kila anayepita anaongeza kitu juu yake. Mteja anapiga simu anaulizia sare za watoto na wewe hata mkasi hujui uko furushi gani. Naandika hii kwa anayeshona au kufuma nyumbani, awe anauza au anafanya kwa kupenda tu, ila awe huku kwetu kwenye baridi, maana ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni ni wa watu wa Dar na wao wanahangaika na joto. Huku cha kuangalia ni unyevu na mwanga, hivyo viwili ndo viamue nini kikae wapi. Kabati zuri na rangi ya ukuta tutayaongelea baadae au tusiyaongelee kabisa.

Anza na chumba kikiwa kitupu. Ingia asubuhi mapema, pitisha kiganja ukutani, hasa chini karibu na sakafu na kwenye kona isiyopata jua. Tofali za kuchoma zinanyonya maji ya ardhini kama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, na wengi wetu tunahamia nyumba haijaisha, plasta bado inakauka, kwahiyo ukuta unaweza ukaonekana mzuri kabisa kwa macho lakini ukiuegemeza kitambaa, baada ya muda unakuta madoa ya ukungu meusi ambayo hata ufue vipi hayatoki. Sakafu nayo ina kipimo chake rahisi: chukua kipande cha nailoni ngumu kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne pasipite hewa, acha siku nzima na usiku wake. Ukibandua ukakuta matone upande wa chini au sakafu imekolea rangi, ujue maji yanapanda, na hapo pasikae kitu chochote cha nguo moja kwa moja chini. Weka paleti au panga tofali ulaze mbao juu yake. Na kabati lolote liache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta ili hewa ipite nyuma, hata kama ukuta unauona mkavu, maana mvua zikianza Novemba mpaka Aprili huko mambo yanabadilika.

Sasa mwanga. Kwa waliopo Mbeya mjini hamna haja ya dira, mlima Loleza uko kaskazini, ukiuona kwenye dirisha lako basi dirisha hilo linaangalia kaskazini. Juni na Julai jua linapita upande huo, kwahiyo chumba chenye dirisha la kaskazini kinapata jua mchana na kinakuwa na joto kidogo msimu ule ambao vidole vinakufa ganzi, kwa mfumaji hiyo ni neema kubwa. Ila jua hilohilo linapausha vitambaa, kitenge kikikaa kwenye shelfu kimekunjwa kinapauka kwenye mkunjo tu, ukikikunjua unakuta mstari mweupe katikati ya doti zima. Basi wewe kaa dirishani, vitambaa vikae ukuta ambao jua haliufikii. Dirisha la kusini miezi hiyo lina mwanga uliotulia, zuri sana kwa kulinganisha rangi za nyuzi, ila chumba chake ni cha baridi na hukauka taratibu. Kama una uhuru wa kuchagua chumba mimi nakushauri cha mashariki au kaskazini, hata kikiwa kidogo kuliko vingine. Kwa anayetumia mkono wa kulia, cherehani iweke mwanga utokee kushoto au mbele yako, ukitokea kulia kivuli cha mkono wako kinaangukia palepale unaposhona.

Cherehani iliyosafiri isianze kazi hapohapo. Kama ni ya miguu, zile Singer au Butterfly, ikague kwanza ikiwa imesimama mahali pake: ishike pembe ya meza uitikise, ikicheza tia kipande cha mbao nyembamba au raba chini ya mguu mfupi mpaka itulie, maana sakafu zetu nyingi hazijalala sawa na cherehani inayoyumba inakata uzi alafu unaanza kulaumu sindano. Angalia mkanda, ule wa ngozi hurefuka kadri unavyotumika, ukiona gurudumu la chini linazunguka na la juu linasita, toa kile kipini kinachounganisha ncha zake, kata kipande kidogo sana, toboa, funga tena. Alafu fungua sehemu ya bobini, toa vumbi kwa brashi (mswaki mkuukuu unafaa), tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye matundu yake, zungusha kwa mkono, shonea kitambaa chakavu mpaka mafuta yaache kutoka kwenye mshono. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanaganda ndani na baridi ya huku, utaita fundi. Sindano weka mpya.

Meza ya kukatia ndo kitu cha kwanza cha kutolea hela, kabla ya kabati. Ya kulia chakula ni fupi, unainama unakata masaa mawili kesho mgongo haunyanyuki. Mwambie seremala futi 3 kwenda juu, au usawa wa nyonga yako kama wewe ni mrefu. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, ukikikunja kati kinabaki kama inchi 23, kwahiyo meza ya upana wa futi 2 na nusu inatosha na haili chumba, urefu futi 5. Huku tuna bahati ya mbao, paini za Sao Hill kule Mufindi zipo karibu na bei yake sio kama ya mtu wa pwani, lakini nunua zilizokauka na zilizotiwa dawa ya wadudu. Mbao mbichi ni nzito, ukiigusa ina ubaridi wa maji, na ikija kukaukia ndani ya shelfu inapinda yenyewe na kung'oa misumari. Ukipewa mbichi, zilaze kivulini juu ya vijiti na kila tabaka liwe na vijiti katikati, usubiri.

Nyumba ya kupanga usitoboe kuta, shelfu iwe ya kusimama yenyewe, ukihama tena unaondoka nayo. Vitambaa mimi naviamini kwenye ndoo za lita 20 zenye mfuniko, zile za rangi zilizooshwa vizuri zikakauka, panya hapiti, vumbi la Septemba na Oktoba halipiti, na kwa nje unabandika kipande cha kitambaa kilichomo ndani ili usifungue ndoo nane kutafuta bitana. Sharti moja tu, kiingie kikiwa kikavu kabisa, kianikwe juani kipoe ndo ufunike, maana ndoo ikifungia unyevu ndani ni mbaya kuliko shelfu wazi. Uzi wa kufumia hapana, uweke kwenye kapu. Vile vikapu vya milulu vya akina mama wa Iringa vinapitisha hewa na vina mdomo mpana, mkono unaingia wote. Nyuzi za sufu halisi zitenganishe na za akriliki (za kiwandani, zisizo za manyoya) kwa sababu nondo wanakula sufu, akriliki hawaitaki, ukiziweka pamoja utachelewa kugundua. Zitoe juani mara kwa mara uzikung'ute.

Rili za uzi wa cherehani: mbao moja, misumari ya inchi 3 iliyopigwa ikiinama kidogo kwenda juu, kila mmoja umbali wa inchi 2, iegemeze ukutani juu ya cherehani. Unaona rangi zote kwa mara moja.

Kufungua mafurushi fuata kazi. Usianze kupanga zipu zote kwa ukubwa wakati kuna mtu amelipa kianzio. Kila oda ipate mfuko wake: kitambaa, zipu, vifungo, uzi wa rangi yake, na karatasi yenye jina, vipimo, tarehe ya kuchukua na hela iliyobaki. Mifuko hiyo ining'inie mstari mmoja kwa kufuata tarehe. Hapo hata chumba kiwe bado hakijaisha kazi inatoka, na vile vingine vya lesi, shanga, mabaki, utavipanga jioni jioni taratibu.

Umeme sasa. Vyumba vingi vina soketi moja, watu wanavuta ekstensheni moja wanachomeka cherehani, ovaloki (mashine ya kumalizia kingo), taa na pasi. Pasi ichomekwe ukutani peke yake. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa zima inakula uniti moja, kwahiyo kusanya vya kupiga pasi upige kwa pamoja. Ekstensheni ikitumika inyooshwe yote, ikibaki imeviringwa inapata joto, na usiipitishe chini ya mabaki ya vitambaa.

Na tafadhali sana, Juni ikifika usiingize jiko la mkaa humo ndani ukafunga mlango na madirisha ili upate joto ukiwa unashona. Hewa yake yenye sumu hainuki, inakulevya usingizi na unaweza usiamke, pasi ya mkaa nayo vilevile, itumie mlango ukiwa wazi. Vaa sweta mbili, soksi nzito, kaa dirishani.

Kama kuna watoto, pini na sindano zikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, juu kuliko kimo cha mkono wao, na kila jioni pitisha sumaku sakafuni kabla hujafagia, spika ya redio iliyokufa ina sumaku nzuri kabisa, muombe fundi redio akupe. Sindano zilizovunjika ziwe na kopo lao, zisiende na takataka za kawaida ambazo mtu atazishika kwa mkono.