Somo: Kuotesha atripleksi kwenye ardhi ya chumvi

Atripleksi ya Australia, yaani Atriplex nummularia, ni kichaka cha mita 2 hadi 3 kinachostawi palipoishinda mimea mingine. Wengi hukwama kitaluni kwa kudhani kwamba chumvi inayovumiliwa na kichaka kilichokomaa, mbegu nayo itaivumilia. Haiivumilii.

1. Osha mbegu. Kila mbegu imefumbatwa na vijani viwili vikavu vilivyojaa chumvi. Porini chumvi hiyo huizuia isiote mpaka inyeshe mvua ya kuisuuza, manyunyu hayatoshi. Kitaluni mvua ni wewe. Loweka mbegu usiku kucha ndani ya mfuko wa kitambaa, ukibadilisha maji mara tatu au nne. Onja tone la maji ya mwisho: yakiwa bado na chumvi, rudia. Kisha anika kivulini.

Kabla ya kuloweka, pasua maganda kumi kwa ukucha. Mengi huwa matupu, na ni afadhali ujue mapema kuliko kulaumu udongo.

2. Sia. Viriba (mifuko ya kuoteshea miche) vijazwe mchanga sehemu 2 na mboji iliyoiva sehemu 1. Weka mbegu tatu au nne kila kiriba, funika kwa milimita 5 tu. Joto la nyuzi 15 hadi 25 linafaa. Mwagilia maji yasiyo na chumvi, na usizidishe: mche ukioza shingoni, chanzo huwa ni unyevu.

3. Hamishia shambani mche ukifika sentimita 15. Inua tuta, chimba kijifereji juu yake, panda humo. Mvua husuuza chumvi ya kijifereji, na tuta huepusha maji kutuama. Maji yaliyotuama ni hatari kwa mche kuliko ukame. Nafasi: mita 2 kwa 4.

MASWALI YA WANACHAMA

*Majani yana unga mweupe. Nipulizie dawa ya ukungu?*

Usipulizie. Ukitazama kwa lenzi utaona vifuko vidogo vilivyosongamana. Jani husukumia humo chumvi iliyozidi. Vikijaa hupasuka na kukauka, na tabaka lile la kifedha hurudisha mwanga wa jua. Ukiliondoa unaudhuru mmea.

*Naweza kumwagilia maji ya bahari?*

Mche mchanga, hapana. Kichaka kilichokomaa kinaweza kubaki hai, ila ukuaji hudorora. Ukiwa na maji ya chumvichumvi, anza nayo kidogo kidogo mizizi ikishashika.

*Mbuzi wanakula sana lakini hawanenepi, kwa nini?*

Protini ipo, nguvu ndiyo haba, na sehemu kubwa ya uzito wa jani kavu ni chumvi. Mnyama hunywa maji mengi ili aitoe, na akiyakosa hupunguza kula. Atripleksi isizidi theluthi moja ya lishe. Iliyobaki iwe nyasi kavu na nafaka kidogo, na maji matamu yawepo wakati wote. Usiwaache wagugune mpaka kichaka kibaki kitupu. Kichaka kikibaki na majani kiasi huchipua upesi zaidi.